Tatu Mkato Nane

Vijana wawili wa darasa la kompyuta walikuja nyumbani kwangu Ufukoni na daftari moja na swali moja. Walitaka niwaeleze argc na argv, maana mwalimu wao amewaambia wazikariri kwanza, wataelewa mbele ya safari. Niliwajibu kwa mdomo, dakika kumi hivi, wakashukuru na kuondoka. Walipokwisha kuondoka nikaona sikuwatendea haki. Niliwapa kanuni nikawaficha mambo yaliyonifundisha kanuni zenyewe. Kwa hiyo naandika, kwa ajili yao na kwa wenzao ambao sijawaona.

Nilifanya kazi ofisi ya maji, kitengo cha vipimo vya mito, mpaka nilipostaafu. Jina langu ni Somoe. Niliingia pale nikiwa mpiga chapa. Mashine za chapa zilipoondoka zikaja kompyuta, na kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kubonyeza vitufe bila kuvitazama, nikahamishiwa huko, kana kwamba vitufe ndiyo kompyuta yote. Aliyenifundisha C, lugha ya kuandikia programu, ni mhandisi wetu, Bwana Mfaume, mtu mrefu asiyependa maneno. Alikuwa akiuliza swali halafu anageuka kutazama nje ya dirisha mpaka ujibu. Unaweza kukaa robo saa. Hakusaidii.

Programu zetu zilikuwa ndogo, za kuendeshwa kwenye lile dirisha jeusi la kompyuta linalopokea amri za maandishi. Unaandika jina la programu, kisha mbele yake unaandika maneno mengine ya kuieleza ikafanye nini na faili lipi. Vitabu vya siku hizi vinayaita hoja. Hoja hizo ndizo zinazofika ndani ya main, pale programu inapoanzia: argc inakuambia yamekuja maneno mangapi, argv inayashika moja moja kwa namba. Mtakosea hapa, basi niwaambie mapema: jina la programu lenyewe linahesabiwa, nalo linakaa kwenye argv namba sifuri. Ukiandika jina na maneno mawili, argc ni tatu. Mimi nilihesabu mbili kwa muda wa wiki nzima na nikawa nalaumu mashine.

Programu yangu ya kwanza iliitwa wastani. Ilipokea jina la faili na kutoa wastani wa kina cha maji kwa mwezi. Ilifanya kazi vizuri sana nilipokuwa naiendesha mimi. Siku moja mkuu wa ofisi alipita chumbani kwetu, akataka kuiona. Nikainuka, akakaa kitini pangu, akaandika wastani, akabonyeza. Hakuandika faili. Programu ikaanguka pale pale na kutema maneno ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeyaelewa.

"Imekufa?" mkuu aliuliza.

"Hujaandika jina la faili, mzee."

"Nani kaniambia niandike?"

Nikamtazama Bwana Mfaume. Bwana Mfaume alikuwa anatazama nje ya dirisha.

Tangu siku ile, mstari wa kwanza wa kila programu yangu ni kuitazama argc. Ikiwa si idadi ninayoitaka, programu inaandika kwa Kiswahili inahitaji nini, kwa mpangilio upi, na mfano mmoja, kisha inatoka kwa kurudisha namba isiyo sifuri, ishara kwamba kuna kosa. Usiiguse argv namba moja kabla hujajua kwamba ipo. Ukiigusa nayo haipo, programu itaanguka mbele ya mkuu wa ofisi.

Mtumiaji mkubwa wa programu hizi alikuwa Shaibu, karani wa chumba cha vipimo. Kila asubuhi wapimaji wa mito walimpigia simu, naye aliingiza namba zao. Shaibu aliniuliza wakati fulani, bila mzaha, "Da Somoe, huyu Argivi ni nani, mbona kila programu yako yumo?" Siku nyingine alikuja amekasirika. Ameipa wastani faili moja, programu inamwambia ameleta mawili. Nikaenda kuona. Faili lake aliliita Ruvuma mpya. Ile nafasi katikati ililigawa jina vipande viwili. Nikamwonyesha kuzungushia alama za kunukuu, akasema afadhali aliite tu Ruvumampya, na huo ndio uamuzi uliodumu ofisini mpaka natoka.

Hayo ni ya kuchekesha. Sasa nawaeleza lisilochekesha.

Bwana Mfaume aliniagiza nitengeneze programu ya tahadhari ya mafuriko. Niliiita onyo. Ilipokea hoja mbili: jina la kituo na kina cha maji cha asubuhi hiyo. Ndani yake niliweka kikomo cha kila kituo. Kwa Mahurunga, kule bondeni kabla Ruvuma haujaingia baharini, kikomo kilikuwa mita tatu na nusu. Shaibu anaandika onyo Mahurunga 2.4, programu inajibu Salama. Akiandika kina kilichopita kikomo, inajibu Hatari. Ikisema Hatari, Shaibu anampigia mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti anatangaza kwenye kipaza sauti cha msikiti ili walioko mashambani bondeni wapande juu. Ilijibu kwa neno moja tu. Nilijivunia neno hilo moja. Niliona ndiyo ufundi.

Miaka kadhaa ikapita salama. Kisha ofisi ikawagawia wapimaji simu za kutuma ujumbe, ili wasihangaike kupiga. Shaibu akafurahi, maana sasa hakuwa na kazi ya kusikiliza sauti zinazokatika. Alinakili namba kama zilivyokuja.

Masika ya mwaka ule maji yaliingia bonde la Mahurunga asubuhi, bila onyo. Mpunga ulikuwa unakaribia kuvunwa, na watu walikuwa kwenye madungu yao, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa shambani kwa kulindia ndege na nyani. Wengi walikimbia. Mama mmoja aliyeitwa Bi Fatu alizingirwa. Nguzo ya dungu lake ililegea, akaanguka majini, akavunjika paja. Watu wa mitumbwi walimtoa alasiri. Hakuna aliyekufa. Mpunga ulikwenda wote.

Ofisini tuliulizana. Shaibu alisema aliiendesha onyo, nayo ilisema Salama. Ujumbe wenyewe alishaufuta, kwa sababu simu ile ilikuwa inajaa upesi, na faili la kumbukumbu lilionyesha mita tatu tu. Basi ikaonekana mpimaji hakwenda mtoni asubuhi ile, ametuma namba ya kubuni. Mkuu akaamuru mpimaji aandikiwe barua ya kujieleza. Mpimaji aliitwa Mzee Selemani, na kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu mimi bado napiga chapa. Barua ile niliichapa mimi. Niliichapa vizuri, haikuwa na kosa hata moja.

Mzee Selemani alijibu kwa mstari mmoja kwamba alipima na alituma. Hakuna aliyemwamini wala aliyemfukuza. Jambo likabaki hivyo.

Miezi miwili baadaye nilikuwa nahamisha kumbukumbu za masika kwenda kompyuta mpya. Nilikuwa na programu niliyoiandika mwenyewe, hamisha, inayopokea hoja mbili: faili la kutoa na faili la kupokea. Kwa mpangilio huo. Na mimi, niliyeweka mpangilio huo kwa mkono wangu, nikaandika kinyume. Programu ikafungua faili la Mahurunga kwa ajili ya kuandika, na katika C ukifungua faili kwa kuandika, yaliyomo yanafutika papo hapo kabla hujaandika herufi moja. Kisha ikaenda kutafuta faili la kutoa, ambalo nilikuwa bado sijaliunda, ikaniambia faili halipo. Ilikuwa kweli. Ila sasa hata lile lililokuwapo lilikuwa tupu.

Nililifungua mara tatu. Baiti sifuri. Nakala ya akiba ilikuwa ya kabla ya masika.

Kabla sijaendelea, jifunzeni hapa kwa bure. Fungua kwanza faili la kusoma, hakikisha lipo, ndipo uguse la kuandikia. Na kama la kuandikia tayari lipo na lina kitu ndani, programu ikatae mpaka mtu aseme ndiyo kwa makusudi. Ni mistari sita. Mimi sikuwa nayo kwa sababu niliamini mtumiaji wa hamisha ni mimi, na mimi sikosei.

Nilimwambia Bwana Mfaume. Akauliza, "Namba hizo ziko wapi kwingine?"

Nikajibu, "Kwa mpimaji. Anaandika kwenye daftari kabla ya kutuma."

"Basi unakaa hapa unasubiri nini?"

Kesho yake nikapanda gari la ofisi kwenda Mahurunga na kompyuta mpakato mapajani. Nyumba ya Mzee Selemani iko kando ya barabara, imezungukwa na mikorosho. Nilimkuta anaanika mihogo juu ya mkeka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa.

"Umeleta barua nyingine?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuomba madaftari yako ya masika."

"Ya kunishitakia?"

"Ya kunisaidia. Nimefuta vipimo vyako vyote."

Hapo akainua kichwa. "Vyote?"

"Vyote."

Alipangusa mikono kwenye msuli aliojifunga kiunoni, polepole. "Basi mimi nimeambiwa sikupima," alisema, "na wewe umefuta nilivyopima. Karibu ukae."

Mkewe alinitolea kigoda na meza ndogo. Mzee akaleta madaftari manne, yamefungwa kwa kamba ya katani. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umesimama wima. Kila siku ilikuwa na mistari miwili, asubuhi na jioni, na pembeni maneno machache: mvua juu, maji mekundu, kiboko karibu na ubao wa kupimia. Nilianza kuingiza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuziona namba zake zilivyo kwa mkono wake mwenyewe, maana miaka yote nilizipata zimeshapita kwa Shaibu. Alikuwa haweki nukta. Aliweka mkato. Mbili mkato nne. Mbili mkato saba.

"Mzee, mbona mikato?"

"Ndivyo nlivyofundishwa."

"Wapi?"

Akaelekeza kidevu upande wa mto. "Ng'ambo. Msumbiji. Nlikulia kule kwa mjomba wangu, tukarudi nlipokuwa kijana. Hesabu nlijifunzia kule. Kule wanaandika hivyo. Kwani si ni kitu kile kile?"

"Ni kile kile," nilisema, na wakati huo niliamini ninachosema.

Nilikuwa nimeiongezea onyo mstari mmoja wiki ile, sikumbuki kwa nini, labda kwa sababu nilikwisha kuogopa programu zangu. Kabla ya kutoa jibu ilichapa namba iliyoielewa. Nilipofika siku ya mafuriko nikakuta ameandika: 3,8. Maji yanapanda mbio. Nimetuma saa moja. Nikaona niiendeshe, nione Hatari kwa macho yangu, halafu nijue Shaibu alikosea wapi. Niliandika kama ilivyo daftarini, onyo Mahurunga 3,8, nikabonyeza.

Ikajibu: 3.0. Salama.

Nikaandika tena. 3.0. Salama.

Nawaeleza kilichotokea kwa lugha ya kazi, kwa sababu siku ile ndiyo lugha pekee iliyobaki kichwani mwangu. Hoja zinafika kwenye programu zikiwa maneno, si namba, hata kama zinafanana na namba. Lazima uzigeuze. Katika programu zangu zote niligeuza kwa atof, kwa sababu ni fupi na ndiyo niliyoikuta kwenye kurasa za mwanzo za kitabu. Atof inasoma tarakimu mpaka ikutane na kitu isichokijua, inasimama hapo, inakupa ilichokwisha kupata. Haisemi kwamba imesimama. Haisemi kwamba kimebaki kitu. Ilisoma tatu, ikakutana na mkato, ikanirudishia tatu. Sentimita themanini za maji zikabaki nje ya programu, na zikaenda kwenye mpunga wa watu.

Mzee Selemani alikuwa amekaa kizingitini anakula korosho. Aliona nimeacha kubonyeza.

"Vipi?"

"Siku ile," nilisema, "ulituma saa moja."

"Nlituma saa moja. Kisha nlikaa hapa hapa nlipokaa sasa, nasubiri kipaza sauti. Mwaka mmoja nlitangaza mwenyewe, ofisi ikanambia kazi yangu kupima, kutangaza ni kazi yao. Basi nlisubiri. Saa mbili, kimya. Saa tatu, kimya. Nlipoona hivyo nlianza kukimbia mwenyewe kwenda bondeni. Miguu hii." Akaigonga kwa kiganja. "Nlifika maji yamefika. Sasa watu wanasema nlilala. Wengine barazani nkiwasalimu wanatazama pembeni. Fatu mwenyewe alinambia mbele za watu, Selemani, usingizi wako umenivunja ntu nzima."

Mngetegemea nimwambie pale pale. Sikumwambia. Nilisema nitarudi, nikafunga kompyuta, nikapanda gari. Nimewahi kutafuta sababu nzuri ya kukaa kimya siku ile, kwamba nilitaka kuhakikisha kwanza, kwamba ni lazima mkuu ajue. Zote ni za kweli na hakuna iliyo sababu. Niliona aibu, basi.

Asubuhi iliyofuata nilimweleza Bwana Mfaume mbele ya mkuu wa ofisi. Shaibu alikuwepo pia. Mkuu alisikiliza hadi mwisho, akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo Shaibu ndiye aliyeingiza mkato," alisema. "Alipaswa kuweka nukta. Iandikwe kosa la karani, mpimaji asafishwe, tumalize."

Shaibu alitazama viatu vyake. Alikuwa na watoto watano na mwaka mmoja kabla ya kupandishwa daraja.

Bwana Mfaume aliniuliza, "Maelezo ya atof uliyasoma?"

"Nilisoma nusu."

"Nusu ya pili inasema nini?"

"Inasema usiitumie ukitaka kujua kama kuna kosa. Tumia strtod."

Akageuka kutazama dirishani. Safari hii sikungoja.

"Shaibu alinakili kilichoandikwa," nilimwambia mkuu. "Mzee Selemani aliandika sawasawa kwa alivyofundishwa. Programu ndiyo iliyopokea neno isilolielewa ikajifanya imelielewa. Programu hiyo ni yangu."

Mkuu alikunja karatasi aliyokuwa nayo mkononi. "Unataka ukalisemee hilo kijijini?"

"Sitaki. Ila nitakwenda."

"Haya. Utakwenda na jina lako mwenyewe. Na onyo haitatumika mpaka itengenezwe."

Niliitengeneza kwa siku mbili. Strtod inafanya kazi ile ile ya atof, lakini inakuonyesha pia mahali iliposimama. Kama imesimama kabla neno halijaisha, kuna kitu hakikueleweka, na hapo programu inapaswa kukataa na kusema kwa nini. Nikaweka hivyo: Sijaelewa kina ulichoandika, andika kwa mfano huu. Nikampelekea Bwana Mfaume, nikiwa nimeridhika.

Akaandika 3,8. Programu ikamkatalia kwa adabu.

"Mzee ataanza kuandika nukta?" aliuliza.

"Tutamfundisha."

"Ana umri gani?"

Nikarudi mezani. Toleo la mwisho lilibadili mkato kuwa nukta lenyewe kabla ya kusoma, likachapa namba lililoielewa, likamtaka Shaibu aithibitishe kabla ya kutoa neno. Na likakataa kina kilicho chini ya sifuri au juu ya urefu wa ubao wa kupimia, maana hata namba iliyoandikwa vizuri inaweza kuwa ya kipuuzi. Lile neno moja la kifundi likawa mistari minne ya maelezo. Liliendeshwa miaka yote iliyobaki. Shaibu alilalamika kwamba linauliza sana, na nilimwachia alalamike.

Mkutano wa kijiji ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, siku ya Jumamosi. Watu walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Mwenyekiti alinikaribisha akasema mama kutoka ofisi ya maji ana maneno. Mzee Selemani alikaa mstari wa nyuma karibu na mlango. Bi Fatu aliletwa kwa pikipiki, akakalishwa mbele kwenye kiti cha mwalimu, fimbo mbili zimelala miguuni pake. Alikuwa mama mnene mwenye uso uliokaza, na hakuniitikia salamu.

Nilikuwa nimeandaa hotuba kwenye karatasi. Niliiacha mfukoni. Nikachukua chaki, nikaandika ubaoni 3,8 kwa tarakimu kubwa.

"Hii ndiyo namba Mzee Selemani aliyoituma siku ile saa moja asubuhi," nilisema. "Nimeiona kwenye daftari lake, na karani wetu anakumbuka sasa kwamba aliiingiza na mkato wake. Maana yake ni mita tatu na sentimita themanini. Kikomo chenu ni tatu na nusu. Alipima, alituma, na alisema kweli."

Minong'ono ikapita darasani.

Nikachukua kifutio, nikafuta mkato na nane. Ubaoni ikabaki tatu peke yake.

"Hivi ndivyo mashine ilivyosoma. Ilipofika hapa haikuelewa, ikaacha, ikasema salama. Haikuuliza."

Mzee mmoja mwenye kofia alinyoosha mkono. "Sasa mashine ilivunjika?"

"Hapana. Mashine inafanya ilivyoelekezwa. Aliyeielekeza ni mimi. Kulikuwa na njia ya kuifanya iulize. Imeandikwa kitabuni. Sikuisoma."

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira, mtu akaenda kufunga dirisha. Kisha Bi Fatu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulipokuwa unaielekeza, ulijua kuna watu bondeni?"

"Nilijua."

"Ulijua tunalala madunguni?"

"Nilijua, mama. Ndiyo sababu niliambiwa niitengeneze."

Nilifikiri atanitukana, na nadhani ingekuwa nafuu. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza, "Bi Fatu, naomba—"

"Ngoja," alisema. "Yako nimeyasikia. Nitayafikiria nikiwa kwangu."

Mpaka leo hajaniambia alifikiri nini. Nimekutana naye mara mbili baada ya hapo, tukasalimiana vizuri, na sikuuliza. Si kila anayeombwa radhi ana deni la kukujibu.

Lakini siku ile darasani alifanya jambo jingine. Aliokota fimbo moja, akajigeuza kitini kwa shida mpaka akaelekea mlangoni, na madawati yote yakageuka pamoja naye.

"Selemani," aliita.

"Naam, dada."

"Leo asubuhi umekwenda ntoni?"

"Nimekwenda."

"Maji mangapi?"

Mzee Selemani alisimama. Alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mita mbili na sentimita kumi," alisema. "Yanashuka."

Bi Fatu alitikisa kichwa kukubali, akamgeukia binti yake aliyesimama pembeni.

"Umesikia," alimwambia. "Kesho mkapande mihogo bondeni."